Mpangaji mwenza akileta mkazi wa tatu: kisa cha nyumba ya vyumba viwili Kasarani

Nyumba ina vyumba viwili vya kulala, iko ghorofa ya tatu, Kasarani, Nairobi. Wapangaji ni wanawake wawili wafanyakazi. Tuwaite A na B. Kodi ni shilingi 30,000 kwa mwezi na dipoziti ni shilingi 30,000, kila mmoja alitoa nusu. Mkataba ni wa mwaka mmoja kuanzia 1 Januari, una sahihi za wote wawili. Tarehe 12 Aprili alifika mdogo wake B, kijana aliyemaliza chuo na anayetafuta kazi mjini. B alisema atakaa wiki moja. Juni imeingia na kijana bado analala kwenye kochi la sebuleni, ana ufunguo wake, na tarehe 10 Juni ajenti wa mwenye nyumba ameandika barua: mmevunja mkataba, nyumba iwe tupu ifikapo 30 Juni.

Kisa hiki ni cha mfano, kimejengwa kwa mambo ya kila siku katika ploti (majengo ya kupangisha) za Nairobi, na sheria inayotumika ni ya Kenya. A anauliza mambo mawili: je, anaweza kumtoa kijana huyu? Na kama hawezi, atajikingaje asipoteze nyumba kwa kosa ambalo si lake? Watu wengi hukimbilia la kwanza. Hatari iko kwenye la pili.

Mkataba unasema nini

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, A atoe mkataba na kusoma vifungu vitatu.

Kimoja ni cha idadi ya wakaaji. Katika mkataba huu kinasema nyumba itakaliwa na wapangaji waliotajwa pekee, na mgeni atakayelala zaidi ya siku 14 mfululizo lazima apate idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Usiku wa kwanza wa kijana ulikuwa 12 Aprili, wa kumi na nne ukawa 25 Aprili. Kwa hiyo mkataba ulianza kuvunjwa usiku wa tarehe 26. A aiandike tarehe hiyo, maana barua zote zitakazofuata zitaitegemea.

Kingine ni kile kinachosema wapangaji watawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Wengi hukipita haraka kwa sababu kinafanana na maneno ya kawaida ya mawakili. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba anaweza kudai shilingi 30,000 zote kutoka kwa A peke yake, halafu A ndiye ahangaike kumdai B. Maana yake pia ni kwamba kosa la mmoja linahesabiwa kuwa kosa la upangaji wote. Ninyi wawili mnajua chumba cha nani ni kipi. Mwenye nyumba anaona mpangaji mmoja mwenye sahihi mbili.

Cha mwisho ni cha kukatisha mkataba. Hapa kinasema wapangaji wanaweza kuondoka kabla ya mwaka kwisha kwa notisi ya mwezi mmoja yenye sahihi zao wote, na mwenye nyumba anaweza kukatisha kwa notisi ya mwezi mmoja ikiwa kosa halikurekebishwa ndani ya siku 14 tangu wapangaji waarifiwe. Linganisha hayo na barua ya ajenti. Barua imetoa siku 20 za kuhama na haikutoa hata siku moja ya kurekebisha. Ina kasoro mbili, na A anapaswa kuzitaja kwa maandishi mapema, asisubiri tarehe 30 ifike ndipo aanze kubishana mlangoni.

Je, mkataba ungekuwa kimya kuhusu wageni? Sheria ya Ardhi ya 2012 inaweka ahadi fulani ndani ya kila mkataba wa upangaji hata kama hazikuandikwa. Mojawapo ni kwamba mpangaji hatapangisha nyumba kwa mtu mwingine wala kuachia umiliki wake bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba naye hatakiwi kukataa bila sababu ya maana. Lakini ahadi hiyo inahusu kupangisha na kuachia nyumba. Ndugu anayelala kwenye kochi bila kulipa hajapangishiwa chochote. Bila kifungu cha wageni, hoja ya mwenye nyumba ingekuwa dhaifu, na ya A ingekuwa dhaifu zaidi.

Kijana huyu ni nani mbele ya sheria

Si mpangaji, kwa sababu hana mkataba na mwenye nyumba. Si mpangaji wa chini, kwa sababu halipi kodi na hana chumba anachokitumia peke yake. Wala si mvamizi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Aliingia kwa ruhusa ya B, na B ni mpangaji halali mwenye haki ya kukaribisha mtu kwake. Kijana ni mgeni mwenye ruhusa.

Ndiyo sababu A akienda kituo cha polisi kulalamika kwamba kuna mtu nyumbani asiyemtaka, ataambiwa hilo ni suala la madai, si jinai, wasuluhishane. Jibu hilo linaudhi lakini ni sahihi. A akitoa begi la kijana nje na kitu kikapotea au kikaharibika, yeye ndiye atakayedaiwa.

Hata hivyo ruhusa ya B ina mipaka, na mpaka wenyewe ni sebule. B hawezi kumpa mgeni wake zaidi ya alicho nacho. Chumbani kwake, kwa mapatano yao wawili, anaweza kumlaza mtu. Sebule, jiko na bafu ni vya wote. Kijana akilala sebuleni kuanzia saa tano usiku hadi saa mbili asubuhi, A anayetoka kwenda kazini alfajiri hana pa kunywea chai, hawezi kuwasha taa, na analazimika kuvaa kama aliye hadharani kila anapokwenda bafuni. Analipia kodi eneo ambalo kwa saa tisa kila siku limekuwa chumba cha mtu mwingine. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya "sikuombwa ruhusa", na A aitangulize anapozungumza na B. Inazungumzia matumizi ya nyumba. Haimtukani kijana wala haimwambii B kwamba ndugu yake hatakiwi mjini.

Mambo yangebadilika kama kijana angekuwa anampa B shilingi 5,000 kila mwezi kwa kulala pale. Hapo B angekuwa anapangisha bila idhini, jambo ambalo sheria yenyewe inalikataza hata mkataba ukiwa kimya.

Wiki tatu za kimya

Kuanzia 12 Aprili hadi 3 Mei A hakusema kitu. Tarehe 3 Mei alituma ujumbe wa WhatsApp: "Mambo, huyu mdogo wako anarudi lini?" B akajibu, "Soon tu, dear, anangoja interview." Ndiyo kumbukumbu pekee iliyopo hadi barua ya ajenti ilipofika.

Kimya hicho kinaeleweka. Hakuna anayependa kuonekana mchoyo kwa mtoto wa watu anayehangaika na ajira. Lakini kwa anayesoma baadaye, iwe ajenti au mahakama, wiki tatu za kimya zinaonekana kama kukubali. Ujumbe wa kwanza ulipaswa kutumwa kabla ya siku ya 14, ukiwa na mambo manne: tarehe aliyofika, kifungu cha mkataba, tarehe ya mwisho, na jinsi bili zitakavyogawanywa hadi siku hiyo. Kwa mfano:

"Habari ya jioni, dada. Mdogo wetu alifika tarehe 12 Aprili na sina neno naye. Mkataba unaruhusu mgeni siku 14, kwa hiyo siku ya mwisho ni 25 Aprili. Kama anahitaji kukaa zaidi, tumwandikie ajenti pamoja kabla ya siku hiyo tuombe idhini, na tukubaliane atalala wapi kwa sababu sebule tunaitumia wote. Wakati yupo, tokeni za umeme na maji tugawanye kwa watu watatu. Naomba jibu lako hapa."

Maneno "naomba jibu lako hapa" yana kazi. Mazungumzo ya jikoni hayaachi alama. Na kama wamezungumza jikoni, A atume muhtasari usiku huohuo: "Kama tulivyoongea leo, umesema ataondoka Jumamosi tarehe fulani." B asipokanusha, ujumbe huo una uzito.

Kumjibu ajenti

Baada ya barua ya 10 Juni, A ana kazi ya haraka: kujitenga na kosa bila kuvunja upangaji wake. Barua yake iende ndani ya siku mbili au tatu, kwa barua pepe na nakala ya karatasi iliyogongwa muhuri au kutiwa sahihi ya kupokelewa. Iseme mambo haya, kwa lugha tulivu:

Kwamba amepokea barua ya 10 Juni. Kwamba mgeni aliletwa na mpangaji mwenzake, na yeye hakutoa idhini ya kukaa zaidi ya siku 14. Aambatishe ujumbe wa 3 Mei. Kwamba mkataba unatoa siku 14 za kurekebisha, yaani hadi 24 Juni, na notisi ya mwezi mmoja inaweza kufuata baada ya hapo tu. Kwamba kodi imelipwa hadi Juni. Kwamba anaomba kikao cha A, B na ajenti kabla ya 24 Juni. Na kwamba anataka kuendelea kuwa mpangaji. Sentensi hii ya mwisho isisahaulike. Wapangaji wengi wenye hasira huandika "mimi niko tayari kuhama" ili kuonyesha hawana hatia, kisha ajenti huitumia kama notisi yao.

Je, kumwandikia ajenti ni kumsaliti mwenzako? Kama ajenti hajui, ni haki B apewe nafasi ya kwanza. Lakini baada ya nafasi hiyo, kunyamaza ni kubeba kosa pamoja naye. Keateka, yaani mtunza jengo, humwona kijana kila siku getini. Habari itafika tu, na ikifika kupitia keateka itawafikia wapangaji wote kwa jina moja.

Hapo pana hoja nyingine ambayo A anaweza kuiweka akiba. Kodi ya Mei na ya Juni ilipokelewa wakati kijana akiwa ndani. Chini ya Sheria ya Ardhi, mwenye nyumba anayepokea kodi iliyofika muda wake baada ya kosa, huku akijua kosa hilo au akiwa katika nafasi ya kulijua kama angekuwa makini, huhesabiwa kuwa ameachilia haki yake ya kuvunja mkataba kwa kosa hilo. Keateka aliyekuwa akimsalimia kijana kila asubuhi ni macho ya mwenye nyumba. Hoja hii inafaa kwa muda uliopita. Haimpi kijana kibali cha kukaa milele, kwa sababu kila usiku anaolala bila idhini baada ya barua ni kosa jipya.

Na kama ifikapo 30 Juni ajenti atakuja na kufuli, kung'oa mlango au kukata umeme? Mpangaji hatolewi kwa nguvu za mikono. Mwenye nyumba anayetaka nyumba yake huku mpangaji amekataa kutoka anakwenda mahakamani. Kwa kodi kama hii ni mahakama ya hakimu yenye mamlaka ya mambo ya ardhi au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba, ambalo wengi hulikimbilia, linashughulikia nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba hii haimo. Lile baraza la kodi za majengo ya biashara nalo ni la maduka, hoteli na mikahawa. Kupeleka kesi ya nyumba ya kuishi huko ni kupoteza ada na muda.

Pesa

Kabla ya Aprili bili za mwezi zilikuwa hivi: tokeni za umeme 1,600, maji 900, intaneti 3,000. Jumla 5,500, kila mmoja 2,750. Mwezi Mei na Juni tokeni zilipanda hadi 2,400 na maji hadi 1,350, intaneti ikabaki palepale. Jumla 6,750. A na B waliendelea kugawana nusu kwa nusu, 3,375 kila mmoja.

Kwa mgawanyo wa vichwa vitatu A angelipa 2,250. Amelipa zaidi kwa shilingi 1,125 kila mwezi, na kwa miezi miwili ni 2,250. Hili anaweza kulidai kwa nguvu kama kuna ujumbe unaoonyesha walikubaliana kugawana kwa vichwa. Bila ujumbe, bado ni ombi la haki lakini B anaweza kusema mapatano yao yalikuwa nusu kwa nusu.

Kodi ni ngumu zaidi. Njia inayokubalika kwa watu wengi ni kugawa kodi mara mbili: nusu yake, 15,000, ihesabiwe kuwa ya vyumba vya kulala, 7,500 kila chumba, nusu nyingine ya maeneo ya pamoja igawanywe kwa wakaaji watatu, 5,000 kila mmoja. A atalipa 12,500 na upande wa B 17,500. Ni hesabu nzuri ya kujadiliana. Haimfungi B mpaka aikubali, kwa sababu kuongezeka kwa mtu hakupunguzi fungu la A kwa nguvu ya sheria.

Kwa sababu hiyo kuna kosa ambalo A asilifanye hata akikasirika vipi: kulipa 12,500 kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwenye nyumba anaona kodi moja ya 30,000 iliyopungua 2,500. Sasa kuna malimbikizo, na malimbikizo yanamfungulia njia ya kutumia Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, ambapo dalali mwenye leseni anaweza kuja kuchukua vitu. Dalali hatauliza televisheni ni ya A au ya B. A alipe 15,000 kamili kwa wakati, kutoka kwenye simu yake mwenyewe, na adai tofauti kwa B kando.

Mtego mwingine uko upande wa kupokea. Kijana akimtumia A shilingi 1,500 kwa M-Pesa na kumwandikia "hii ni ya rent", A akanyamaza, amejitengenezea ushahidi kwamba alimkubali kama mkaaji. Michango ya kijana ipitie kwa B. Ikimfikia A moja kwa moja, ajibu papo hapo: "Nimepokea 1,500 kwa ajili ya tokeni na maji ya Mei. Si kodi, na haibadilishi msimamo wangu kuhusu mkataba."

Kuhusu kufuli: A hawezi kubadilisha kitasa cha mlango mkuu, maana atakuwa amemfungia nje B, mpangaji mwenzake. Mlango wa chumba chake mwenyewe anaweza kuuwekea kufuli imara kwa kumwarifu ajenti, na atunze kitasa cha zamani akirudishe siku ya kuhama ili kisikatwe kwenye dipoziti.

Kijana akiwa tishio

Yote yaliyotangulia yanachukulia kwamba kijana ni mtu mwema asiye na pa kwenda. Kama kuna vitisho, wizi, kumgusa A bila ridhaa au kumchungulia bafuni, njia inabadilika kabisa. A aende polisi siku hiyohiyo, apewe namba ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia matukio), na kama ameumia apate matibabu na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani ya 2015 haihusu wanandoa pekee. Inawahusu pia watu wanaoishi katika kaya moja. A anaweza kuomba mahakama amri ya ulinzi, na mahakama inaweza kumzuia mtu huyo kumkaribia. Hapa hakuna kungoja siku 14 wala kikao cha ajenti.

Kikao na njia nne

Kikao kifanyike kabla ya 24 Juni, na matokeo yake yaandikwe na kutiwa sahihi palepale. Mezani kuna njia nne. Kijana aondoke kwa tarehe iliyotajwa na arudishe ufunguo kwa keateka, si kwa B. Au mwenye nyumba atoe idhini ya maandishi kwa muda maalumu, labda hadi 31 Agosti, kijana alale chumbani kwa B na bili zigawanywe kwa watatu. Au B aondoke na A abaki na mtu mwingine. Au A aondoke.

Njia ya pili ndiyo yenye utu zaidi na mara nyingi hutosha, kwa sababu mgogoro haukuwa kijana, ulikuwa kochi na kukosekana kwa tarehe. Njia ya tatu inawezekana kama kumbukumbu za malipo zinaonyesha A ndiye anayelipa kwa wakati. Ajenti hupenda kubaki na mlipaji. Lakini B hawezi kulazimishwa kutoka na A. Anaweza kukubali au kutolewa kwa utaratibu uliotajwa juu, na utaratibu huo ukienda hadi mwisho unavunja upangaji wa wote wawili. Huo ndio udhaifu mkubwa wa kutia sahihi pamoja, na hakuna barua inayouondoa.

Tuseme B amekataa kumwondoa ndugu yake, na A ameona heri ahame ifikapo 31 Julai. Kuhama si kufunga mizigo tu. Mpaka mwenye nyumba atie sahihi karatasi ya kumwachilia, A bado anawajibika kwa kodi hadi Desemba: miezi mitano, shilingi 150,000, ambazo B akishindwa zitatafutwa kwake. Karatasi hiyo iseme wazi kwamba kuanzia 31 Julai A hana wajibu wowote chini ya mkataba, na kwamba B amekuwa mpangaji pekee. Kijana, kwa kuwa hana kipato, asiingizwe kama mpangaji. Atajwe kama mkaaji aliyeidhinishwa, wajibu ubaki kwa B.

Dipoziti nayo haitoki kwa mwenye nyumba, kwa sababu nyumba haijaachwa. B anamlipa A shilingi 15,000 zake, na mwenye nyumba anaandika kwamba dipoziti yote ya 30,000 sasa ni ya B. Kabla ya hapo A, B na keateka wazunguke nyumba pamoja, wapige picha za kuta, sinki, madirisha na kochi, ili uharibifu wa baadaye usirudi kwa A. Intaneti iliyo kwa jina la A ifungwe au ihamishwe siku hiyohiyo. Na A asikabidhi ufunguo kabla ya pesa kuingia. B akisema ana 10,000 tu, salio la 5,000 liandikwe kwenye karatasi yenye tarehe ya kulipa, namba za vitambulisho na sahihi.

Sahihi zingekuwa tofauti

Kama B peke yake ndiye aliyetia sahihi na A anamlipa yeye, A hana mkataba na mwenye nyumba na hawezi kushika kifungu cha siku 14. B anaweza kumwambia ahame, ila kwa notisi ya kutosha. Anayelipa kila mwezi adai mwezi. Ahifadhi kila ujumbe wa malipo kwa B. Na B akidaiwa kodi, dalali akaja, mtu asiye mpangaji anaweza kuziokoa mali zake kwa tamko la maandishi lenye orodha ya vitu vyake na maelezo kwamba B hana haki navyo. Tamko lipelekwe mara moja, kabla vitu havijauzwa.

Kama A peke yake ndiye mwenye sahihi, yeye ndiye mkosaji mbele ya ajenti, lakini pia ndiye mwenye nguvu ndani ya nyumba. Anaweza kumpa B notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, na mgeni ataondoka na mwenyeji wake.

Kama hakuna karatasi yoyote, upangaji bado upo. Sheria ya Ardhi inakubali upangaji wa muda mfupi kwa maneno matupu, na anayelipa kila mwezi huchukuliwa kuwa na upangaji wa mwezi hadi mwezi. Notisi isipungue mwezi na iishie siku ya kulipa kodi. Kwa nyumba inayolipiwa tarehe 1, notisi ya 10 Juni haiwezi kumaliza upangaji 1 Julai kwa kuwa mwezi haujatimia. Itaumaliza 1 Agosti.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam mambo yana sura nyingine. Kodi ya miezi sita au mwaka hulipwa mbele, kwa hiyo anayehama anaacha fedha nyingi mikononi mwa mwenye nyumba na anahitaji mapatano ya kurudishiwa au kufidiwa na anayebaki. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi ilifutwa 2005. Mgogoro wa upangaji huanzia usuluhishi wa Baraza la Kata, na usipopatikana ndani ya siku 30 unaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Deni la bili kati ya wapangaji wawili ni jambo la Mahakama ya Mwanzo.

B asipolipa salio

A anadai 5,000 za dipoziti na 2,250 za bili, jumla 7,250. Wengi husamehe kwa kudhani mahakama ni ya fedha nyingi. Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. A aanze na barua ya madai inayompa B siku 7, itaje kiasi, hesabu na namba ya kulipia. Akikaidi, afungue shauri akiwa na karatasi ya salio yenye sahihi, taarifa ya M-Pesa ya miezi husika, bili za maji, na mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapishwa kamili yakiwa na tarehe na namba za simu, bila kukata sehemu zisizomfaa. Mazungumzo hayo yaambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachoeleza simu iliyotumika, nani aliyeyatoa na aliyatoaje. Cheti hicho ni ukurasa mmoja, na mara nyingi ndicho kinachosahaulika.